Bwana Usipumue na Mkanda wa Mia Nne

Baba mkwe wangu ni mpiga picha, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wakubwa humwita Bwana Usipumue, watoto humwita Babu Usipumue, na wapo waliozaliwa hapa, wakasoma, wakaoa, bila kujua kwamba hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Amelipata kazini. Ukiingia studio kwake anakukalisha kwenye kigoda cheusi, anawasha taa mbili kubwa zinazochoma uso kama jiko, anainamia kamera yake ya zamani, ile ya macho mawili inayotazamwa kutoka juu, kisha anasema taratibu, "Usipumue." Hapo unabana pumzi mpaka usikie klik. Ukipumua umeharibu picha, na atakwambia hivyo mbele za watu.

Sababu ni filamu. Tangu aanze kazi, miaka thelathini na miwili, alitumia filamu ya namna moja tu, nyeusi na nyeupe, laini sana lakini nzito kuona. Naeleza kama nilivyoelewa mimi. Kuna filamu zinazonyonya mwanga upesi kama kitambaa kikavu kinavyonyonya maji. Hiyo yake lazima uimwagie mwanga mwingi na bado uisubiri, na muda huo wote jicho la kamera liko wazi. Mtu akijitikisa kidogo tu, kitu kinachotoka si uso, ni moshi. Ndiyo maana katika nyumba zote za mtaa huu picha za ukutani zimekaza taya. Maharusi wamekaza taya, watoto waliofaulu mtihani wamekaza taya, hata yule muuza mkaa ambaye hajapata kunyamaza maishani mwake, pale ukutani kwake amekaa kama anasomewa hukumu. Mgeni akiziona atadhani sisi ni watu wa ugomvi.

Niliolewa na mtoto wao wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, anayekuja nyumbani siku nne na kuondoka wiki tatu. Kwa hiyo mume wangu namjua kwa vipande, lakini wazazi wake nawajua wazima. Tunaishi vyumba vitatu nyuma ya studio. Katikati, mahali palipokuwa stoo, ndipo penye chumba cha giza. Hakina dirisha. Mlango umepigwa mpira pembeni ili mwanga usipenye, na ndani kuna sinki, meza yenye mabeseni matatu bapa, na taa moja nyekundu.

Humo ndimo alimozeekea mama mkwe wangu. Watu walimsifu baba, lakini nusu ya kazi ilikuwa ya mama. Baba akisafisha mkanda wa filamu hakutumia chombo chenye kifuniko kama mafundi wengine. Aliushika ncha mbili akaupitisha kwenye beseni la dawa, upande huu unapanda, upande huu unashuka, taa nyekundu imewaka na macho yake yako pale pale mpaka aone sura zinajitokeza. Filamu yake ile haioni rangi nyekundu. Mwanamke aliyepaka midomo rangi nyekundu alitoka kama amekula mkaa, ila kwa sababu hiyo hiyo taa nyekundu haikuidhuru. Mama alisimama kando yake akihesabu dakika kwa sauti, bila saa, na hakosei. Kisha yeye ndiye aliyeosha picha, akazining'iniza kwenye kamba kwa vibanio, na zikikauka akakaa nazo mlangoni na brashi yenye nywele tatu, akaziba madoa meupe moja baada ya jingine. Kama una picha ya zamani iliyopigwa mtaani kwetu na uso wako hauna kipele, mshukuru yeye.

Katika maboksi yote yaliyopangwa studio mpaka darini, hamna picha ya mama hata moja. Nilipokuwa bado mgeni nilimuuliza kwa nini. Alicheka akaniuliza, "Na taa angeshika nani?"

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kinacheza chenyewe, kama cha mtu anayechambua mchele. Tulicheka, mama akasema kidole chake kimepata kazi ya pembeni. Baada ya miezi ukawa mkono mzima, na brashi ikaanza kuongeza madoa badala ya kuyaziba. Siku aliyompaka bibi harusi doa jeusi kwenye jino, baba alimtoa brashi mkononi, akaiweka juu ya kabati. Mama hakuiomba tena. Halafu kichwa nacho kikaanza kwenda kushoto na kulia. Ukimuuliza kama anataka chai, kichwa kinasema hapana, mdomo unasema ndiyo. "Usikisikilize," alikuwa ananiambia. "Hicho kinakataa, mimi nimekubali. Tia na sukari."

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari alitueleza kwa upole kwamba vidonge vitapunguza mwendo wa ugonjwa lakini havitaurudisha ulikotoka. Mikono itazidi, sauti itafifia. Na uso, alisema, nao utakaza kidogo kidogo. Mgonjwa anaweza kufurahi ndani kabisa na usoni kisionekane kitu. Mama alisikiliza yote. Tulipofika kona ya kwetu akanishika mkono.

"Nataka baba yenu anipige picha nikicheka," alisema. "Kabla uso haujafungwa."

Nilimwambia mume wangu akija atampiga kwa simu yake, nyingi atakavyo. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto uliyemtuma kisu akakuletea kijiko. Akaniambia simu ni ya mwanawe, na mwanawe anamwona vizuri tu. Ila baba amekiinamia kile kioo akawatazama wanawake wote wa mji huu, akawaambia inua kidevu, geuza jicho, lakini yeye mkewe hajawahi kutazamwa hivyo hata kwa muda wa pumzi moja.

"Aniangalie na mimi," alisema. "Basi."

Baba alipoambiwa alikubali upesi, kama mtu aliyeombwa apitie chumvi dukani. Jumatatu, siku isiyo na wateja wengi, alimkalisha mama kwenye kigoda, akawasha taa mbili, akasema neno lake. Mama akabana pumzi. Jaribu wewe kucheka huku umebana pumzi. Alipiga mkanda mzima, picha kumi na mbili, na kila mara sauti yake ilizidi kukauka. "Tulia. Nimesema tulia." Mama akamuuliza atulie wapi, amwonyeshe mahali. Baba alipotoka chumba cha giza na mkanda unaochuruzika maji, akauinua mlangoni penye mwanga, nami niliuona: kumi na mbili zote, mikono ni moshi, kichwa kimoja kina nyuso mbili.

"Umetikisika," alisema baba, kama vile mama amefanya makusudi.

"Natikisika mwaka wa tatu sasa," mama alijibu. "Ulikuwa wapi?"

Baba alichukua mkasi akaukatakata mkanda ule ndani ya ndoo ya taka.

Wiki nzima alikaa na sisi bila kukaa na sisi. Anakula, anainuka. Mara mbili nilimkuta chumbani kwao asubuhi, mama akiwa uani, ameshika kile kipimo chake cha mwanga mbele ya dirisha, anaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi. Kisha siku moja akaniambia nimbebe mwanangu, aliyekuwa bado anatambaa, tunakwenda mjini kwa fundi wa kamera. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo ya kwenye maboksi, na mimi nimemaliza darasa la saba.

Fundi huyo ni mama wa makamo, chumba chake kiko ghorofani juu ya duka la miwani, na bisibisi zake ni nyembamba kama sindano. Ndiye anayeagiza filamu kwa wachache waliobaki na kwa hawa vijana ambao siku hizi wameanza kupenda tena picha za kizamani. Alipotuona alitabasamu kabla hatujaketi.

"Bwana Usipumue," alisema. "Leo umechoka kubana watu pumzi?"

Baba akasema anataka filamu ya kasi. Fundi aliweka bisibisi chini, akamwomba arudie ili asikie vizuri, na mimi niwe shahidi. Maana kwa miaka yote baba aliziita filamu za kasi mali ya waandishi wa mpira. Kasoro yake, alisema, ni chenga. Filamu ikiwa na haraka ya kunyonya mwanga, picha inatoka na vitone vitone, na baba alikuwa akisema yeye hauzi pumba.

Fundi akapanga maboksi matatu mezani. Akanieleza mimi, baba akijifanya haitaji kusikia: namba ikiwa kubwa, filamu inaona upesi zaidi. Ya baba ya siku zote ilikuwa themanini. Hapa palikuwa na mia na ishirini na tano, na mia nne, na elfu tatu na mia mbili. Ile ya kwanza baba aliisukuma pembeni kwa kidole, akasema hiyo ni ndugu wa ile yake, haitamfikisha popote. Ya mwisho akataka kuona kazi yake. Fundi akamtolea picha ya mwanamke anacheza jukwaani, sketi imepanda, mdomo wazi. Baba aliipeleka dirishani, akaigeuza.

"Uso uko wapi hapa? Naona mchanga wa kujengea."

"Ni mchanga unaocheka, mzee," fundi akamwambia. "Zako wewe ni marumaru."

Baba akatoa kile kikaratasi chake. Alikuwa amepima mwanga wa dirisha la chumbani kwao saa nne asubuhi, pazia jeupe limeshushwa. Kwa filamu yake, jicho la kamera lingekaa wazi sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Kwa mia nne, sehemu ya sitini. Fundi aliuliza mkono wa mama unakwenda kwa kasi gani. Baba hakujua aeleze vipi, akauinua wake mwenyewe juu ya meza akautikisa vile vile hasa, kidole gumba kikichambua, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba kumbe alikuwa anamwangalia. Fundi akakivuta kikaratasi karibu. Halafu akasema sitini haitoshi kwa mkono huo. Achukue mia nne, ila akidanganye kipimo cha mwanga kwamba ni elfu moja na mia sita, kisha mkanda aupike kwenye dawa muda mrefu zaidi. Hapo jicho litafumba kwa sehemu ya mia mbili na hamsini, na chenga zitakuwepo lakini za unga, si za mchanga.

Baba alilizungusha boksi mkononi muda mrefu. Mtoto alishaanza kulia.

"Uso wake utakuwa na chenga," alisema, si kama swali.

"Mzee, mkeo ana miaka sitini. Chenga zilikuwepo kabla ya filamu."

Hakucheka, lakini alichukua. Ilikuwepo mikanda miwili tu ya saizi ya kamera yake, akachukua yote. Fundi aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akanipa niisome kwa sauti: dakika kumi na nne, giza tupu. Akamweleza baba mara mbili kwamba filamu hii inaona rangi zote, na nyekundu imo. Taa yake ile kwa mkanda huu ni sawa na jua la mchana.

"Najua," alisema baba, kwa hasira ya mtu anayefundishwa kazi yake.

Mkanda wa kwanza alitupiga sisi uani, kwa majaribio. Mimi nafua, mtoto yumo ndani ya karai anapigapiga maji. Fundi alitaka kuusafisha mwenyewe kwake ili baba aone kwanza inavyokuwa, na baba akakubali. Picha ziliporudi tulizizunguka wote. Matone ya maji yamening'inia hewani kama shanga. Mimi nimekamatwa katikati ya neno. Mwanangu kafungua kinywa mpaka unaona jino lake moja. Mama alizishika kwa mikono yake miwili inayotikisika akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ndiye mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake, naye baba humwita mtoto "mwenzangu". Baba alisema tu kwamba chenga zipo.

"Acha ziwepo," mama alisema.

Fundi alikuwa ametuma neno: ule wa pili nao aletewe, aupike. Baba alikataa katakata. Mke wake asafishwe na mtu baki, na yeye mkono anao?

Siku yenyewe nilimwogesha mama mapema, nikamsuka nywele mistari, akavaa gauni lake la kijani lenye kola nyeupe. Kisha akaniomba rangi ya midomo. Hajawahi kupaka maishani, kwa sababu ya ule mkaa. "Si mmesema hii inaona nyekundu?" alisema. "Basi nipake nyekundu." Nilimpaka polepole, nikimfuata kichwa kinakokwenda.

Alikaa kwenye kiti cha kawaida kando ya dirisha, mtoto mapajani. Taa mbili zilibaki studio. Baba alisimamisha kamera, akainama. Mimi nilikuwa mlangoni. Alizungusha kigurudumu cha kamera, akaacha, akasogea akamgusa mama kidevuni kwa vidole viwili, akarudi, akainama tena. Hakubonyeza. Alikuwa anatazama tu. Ilichukua muda mpaka mimi mwenyewe niliona haya nikaangalia sakafu. Nikasikia mtoto amemshika bibi yake pua, na mama akicheka, sauti yake ndogo iliyobaki, akisema, "Mume wangu ana wivu, hataki niangaliwe." Hapo klik ya kwanza ikalia, zikafuatana mpaka kumi na mbili. Hakuna aliyeambiwa asipumue.

Hakutaka kusubiri. Mama alichoka, nikamlaza, na baba akaingia na mkanda chumba cha giza. Zamani mama angehesabu, lakini sasa harufu ya dawa ilimbana kifua na sauti yake haikuweza kuvuka mlango. Kwa hiyo nilikaa mimi nje ya mlango, saa ya ukutani nimeipakata, mtoto anatambaa miguuni pangu. Nikasema, "Moja." Ndani baba akajibu, "Haya." Mbili, haya. Tatu, haya. Nilikuwa nasikia mkanda unavyopita kwenye dawa, chwa, chwa. Alikuwa gizani kabisa, na sidhani kama aliwahi kukaa hivyo hata siku moja tangu aanze kazi.

Nilipokwisha kusema tisa, nikasikia chupa ya chai imeanguka jikoni, na kilio. Sikumwona mtoto alivyoondoka. Nilikimbia. Chai ilikuwa imemkosa, lakini kigae kilimkata kiganja na damu ilikuwa inatoka, naye ameishika damu anaishangaa huku analia. Nilimwinua nikamwosha, nikatafuta kitambaa. Kutoka chumba cha giza nilisikia, "Ngapi?" Nikaitika nakuja, mtoto akalia juu ya sauti yangu. "Ngapi, wewe mama?" Nikaitika tena. Nafikiri hakusikia. Nilifunga kile kitambaa kwa meno nikarudi mbio na mtoto kiunoni. Saa ilionyesha dakika kumi na nusu. Na chini ya mlango, kwenye kona ambapo mpira umechakaa, palikuwa na mstari mwekundu.

Nimeuwaza sana mstari ule. Maisha yake yote alingoja mpaka aone. Pale alikuwa na uso wa mkewe mikononi, hajui kama ni mbichi au unaungua, na mtu wa kumwambia hayupo. Mkono ulijiendea wenyewe kwenye swichi. Hilo silichukii. Nilisema, "Kumi na nusu, baba." Kisha ule mstari ukazima, kana kwamba kuuzima kungesaidia. Nikaendelea kuhesabu. Kumi na moja, akasema haya. Kumi na mbili, haya. Tulihesabu hivyo mpaka kumi na nne, na wote wawili tulikuwa tunajua.

Mkanda ulitoka mweusi kama kitako cha sufuria. Siku mbili alijifungia akijaribu kuchapa picha kutoka humo, karatasi baada ya karatasi, na mwisho akatoka na moja ya kijivu chote, ambayo ukiambiwa kuna kiti unakiona kiti, na juu ya kiti kuna kivuli. Akampelekea mama kitandani. Mama aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu ni nani?" aliuliza. Hakuwa anamsuta. Aliuliza kweli.

Baba akasema, nami nimesimama pale na mtoto mwenye kiganja kilichofungwa, "Mkwe wako aliacha kuhesabu."

Mama aliitafuta sauti yake. "Nilihesabu humo miaka thelathini na miwili," alisema, "na dereva wako nimembeba mgongoni. Nikikwambia sita, bado ulikuwa unautazama mkanda uone kama ni sita kweli. Mwache huyu binti."

Lakini hakuniacha. Alimwambia fundi, akamwambia jirani yetu kinyozi, akamwambia mtu aliyekuja kupiga picha ya hati. Sikupata kumsikia akiitaja taa. Nikipita dukani naulizwa kwa mzaha kama ndiye mimi niliyepotelewa na hesabu. Mume wangu alinipigia simu kutoka njiani, akaniuliza hivi kweli nilishindwa kuhesabu mpaka kumi na nne. Nilimweleza habari ya damu. Akasema sawa, lakini si ungesema hata kwa sauti tu. Nikakata simu, nikaenda kufua.

Fundi hakuwa na mkanda mwingine. Aliagiza, na mzigo ukachelewa, ukachelewa tena. Ilipita miezi minne. Katika miezi hiyo uso wa mama ulifungwa kama daktari alivyosema. Kwanza nyusi, hazikuinuka tena kushangaa. Kisha pembe moja ya mdomo, kisha ya pili. Siku moja nilimsimulia jinsi muuza mkaa alivyogombana na punda wake, habari ambazo zamani zingemtoa machozi. Alinitazama tu. Nilidhani nimemchosha. Akasema, "Hapo nimecheka, mwanangu." Tangu siku hiyo akawa ananitangazia, ili nijue. Nimecheka. Hapo nimecheka sana.

Mikanda ilifika mitano. Baba hakukaa hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja chumbani na kamera, akavuta pazia jeupe, akamwambia mama kwamba fundi amempa na chombo chenye kifuniko, safari hii hakuna kosa. Mama alimwangalia kwa ule uso usiosema chochote.

"Rudia filamu yako ya zamani," alisema. "Uso umeshatulia."

Baba alisimama. Mimi nilidhani atapiga magoti, au atasema lile neno la kuomba radhi ambalo hajalisema mpaka leo. Akauliza, "Na mikono?"

"Mikono nitaikalia."

Alirudisha pazia, akatoka na kamera yake.

Mikanda haikutupwa. Mkanda una tarehe yake ya kuharibika, na kazi ni kazi, kwa hiyo akaanza kuitumia kwa wateja. Aliwapeleka kwenye dirisha la studio, taa akazifunika shuka. Mwalimu mmoja alipigwa akimcheka mwanafunzi wake, akaibandika picha ofisini, na habari zikaenea. Sasa siku za Jumamosi foleni inafika kwa kinyozi. Vijana wanatoka mbali. Fundi anamletea mia nne kwa boksi zima, na baba huzipika kwa saa, ndani ya chombo chake, bila kumtaka mtu amhesabie. Watu wanasema mzee amezaliwa upya, eti siku hizi hata mzaha anafanya ili wateja wacheke.

Chumba cha mama kimepakana na studio, ukuta ni mwembamba, kila kicheko kinapita. Nikimfungia dirisha huniambia niliache. Mchana huwa namweka mtoto kitandani kwake ili nipate kupika, na yeye humsimulia mambo kwa ile sauti ya kunong'ona. Zamani mtoto alikuwa anamtazama usoni akingoja acheke. Ameshaanza kutembea sasa. Akisikia watu wanacheka kule mbele, anashuka kitandani kinyumenyume, miguu kwanza, anaelekea studio. Bibi yake anamwona akiondoka. Mikono yake haiwezi kumshika.